Gari Linalochagua Esansi

Nilikwenda Kinindo kuangalia friji, nikarudi na gari.

Aliyekuwa anauza vitu vyake alikuwa daktari mgeni. Mkataba wake na shirika lililomleta ulikuwa umekwisha, na sebule yake ilikuwa imejaa maboksi. Tulifahamiana kidogo, kwa sababu mimi ni mkunga, naye aliwahi kuja mara kadhaa kufundisha kwenye kliniki yetu ya mtaa wa Bwiza, hapa Bujumbura. Friji haikunipendeza. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, palikuwa na gari la milango miwili, la bluu iliyokoza, limekaa chini chini kana kwamba linanusa ardhi. Nililizunguka, nikalizunguka tena. Daktari akanipa ufunguo. Nilipoliwasha nilisikia mlio mzito, wa chini, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia.

Nilikuwa na akiba ya kununua kigari cha kawaida cha kunipeleka kazini na kunirudisha. Mdogo wangu wa kike, niliyempigia simu siku hiyo hiyo, aliniambia kwamba mjane wa umri wangu, ambaye watoto wake wamekwisha kuondoka nyumbani, hana haja ya gari la vijana. Nilimjibu kwamba watoto kuondoka ndiko kulikonipa nafasi, maana gari lenyewe lina viti viwili vya maana na viwili vya kuwekea mikoba.

Siku ya kukabidhiana, daktari alinieleza kwa Kifaransa kwamba gari hilo lina turbo, na kwamba niliwekee esansi nzuri tu. Nikamuuliza nzuri ni ipi. Akafikiri, kisha akacheka kwa aibu kidogo. Miaka yote hiyo dereva wa shirika ndiye aliyelipeleka kujaza, na yeye hakuwahi kumuuliza alikuwa anajaza nini. Dereva mwenyewe alikuwa amestaafu na kurudi kwao mkoani, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Basi nikaondoka Kinindo na gari ambalo hakuna aliyejua chakula chake.

Nilipofungua kifuniko cha tangi kwa mara ya kwanza, nikakuta karatasi ndogo imebandikwa kwa ndani, ina maandishi mekundu ya Kijapani. Nilisimama pale nikiyatazama kama mtoto aliyepewa gazeti. Ni wazi yalikuwa yanajibu swali langu, tena kwa herufi kubwa.

Hapa ni lazima niseme jambo moja kwa msomaji wa mbali. Sisi Bujumbura tunaita esansi kile ambacho Watanzania wanakiita petroli. Ukija kwetu ukaomba petroli, kuna mzee atakuletea mafuta ya taa, na atakuwa hajakosea. Na esansi yenyewe, miaka hii, imekuwa kitu cha kutafutwa. Kuna wiki ambazo stesheni zinakauka, magari yanapangwa foleni mpaka yanazunguka kona, na wenye haraka wananunua kwenye chupa na mabido, yale madumu ya plastiki, kwa watu wanaoileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Hakuna anayeuliza ni ya daraja gani. Mtu akikuambia anayo, unasema asante.

Mwezi wa kwanza nilibahatika kujaza stesheni, na gari lilikuwa tamu. Ukigusa pedali ya moto, lilikuwa likivuta pumzi kidogo, halafu likaondoka nawe kana kwamba barabara imeinamishwa mbele yako. Nilikuwa nikipita njia ndefu kwenda kazini bila sababu. Halafu esansi ikaadimika, nikaanza kununua ya bido kama watu wengine wote, na hapo ndipo gari lilipoanza kutoa mlio wa kugonga ndani ya injini.

Niliusikia mlio huo mara ya kwanza kwenye mlima wa Kinanira. Mdogo wangu anakaa huko juu na mume wake, ambaye ni mfanyakazi wa wizara moja, na wakati huo mdogo wangu alikuwa na mimba. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, mpaka ndugu wakaacha kuuliza. Kwa hiyo kila Jumapili nilipanda kwenda kumpima presha na kusikiliza moyo wa mtoto. Jumapili hiyo, katikati ya mpando, nilipokanyaga pedali ili gari livute, nilisikia kitu kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikainua mguu, mlio ukakoma. Nikakanyaga tena, ukarudi. Na nguvu zilikuwa zimepungua. Lile gari lililokuwa likiruka sasa lilikuwa likipanda kama mtu aliyekula sana.

Shemeji yangu alinisikiliza kwa heshima huku akinimiminia chai. Yeye ni mtu mpole, ana gari la zamani, saluni nyeupe ambayo aliinunua kabla hajaoa, na anaiamini kuliko anavyoamini watu. Aliniambia kwamba esansi ni esansi. Yote inatoka chini ya ardhi, yote inapita kwenye bomba, na maneno ya oktani, zile namba za kwenye pampu, yaliletwa na wafanyabiashara ili watu wenye magari mazuri wapate cha kujisifia. Nikamuuliza basi mlio ule ni nini. Akasema labda kuna skrubu imelegea.

Kesho yake nilipeleka gari kwa fundi wangu wa Bwiza. Huyu nimekua naye mtaa mmoja. Baba yake alikuwa na garaji ile ile, na mama yake alinilisha futari nyingi ingawa kwetu hatukuwa Waislamu. Namwita kaka, ananiita dada. Yeye alikuwa na imani iliyo kinyume kabisa na ya shemeji.

"Dada, hii gari iko mukali," alisema huku akifuta mikono. "Mutu mukali anakula chakula ya nguvu. Hii umeipa uji. Tafuta esansi ya oktani ya juu, ile iko na moto mingi."

Nilimuuliza oktani ni nini hasa. Akasema ni nguvu. Nikamuuliza nguvu ya namna gani. Akasema nguvu, dada, nguvu ni nguvu.

Majibu hayo mawili yalinikalia kichwani. Kazi yangu imenizoesha kutoridhika na neno kama "nguvu". Mama akiniambia hana nguvu, lazima nijue kama ni damu, au chakula, au huzuni. Nikatoa stetoskopu yangu kwenye mkoba, nikaiweka juu ya injini, nikamwomba fundi aongeze moto. Watu wa garaji jirani walikuja kutazama. Nilisikia vitu vingi, vingine vizuri sana, lakini ule mlio wa mahindi haukuwepo. Gari likiwa limesimama halikuwa na ugonjwa wowote. Ulikuja tu likibeba mzigo mlimani.

Fundi alifurahi sana na stetoskopu, akaivaa mwenyewe. Kisha akaniambia kwamba hata injini yenyewe ina sikio. Sikuamini. Akaniinamisha, akanionyesha kwa tochi kitu kidogo kama kifungo cha koti, kimefungwa kwa bolti kwenye mwili wa injini. Alisema kazi yake ni kusikiliza kugonga tu, na kikisikia kinaiambia kompyuta ya gari, nayo inapunguza ukali ili injini isijivunje. Nilikaa nimeinama pale mpaka mgongo ukauma. Gari lenye sikio! Kumbe ule uvivu wa mlimani haukuwa udhaifu; lilikuwa linajisikiliza na kujizuia.

Ndipo nikakumbuka ile karatasi ya Kijapani, na fundi akasema siku hizi simu inasoma kila kitu. Tulielekeza kamera ya simu yangu kwenye maandishi mekundu. Yalitetemeka kidogo kwenye kioo, yakageuka Kiswahili. Fundi akasoma kwa sauti, polepole: mafuta ya daraja la juu, yasiyo na risasi.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Risasi gani tena?"

Watu wa umri wetu, waliokulia Bwiza, hawalisikii neno hilo na kufikiria madini kwanza; wanafikiria bunduki za miaka ya vita. Mimi mwenyewe ilinichukua nukta chache. Nikamweleza kwamba ni ile risasi nyingine, metali ile laini ya kijivu, ambayo zamani ilikuwa ikitiwa kwenye esansi duniani kote ili isijiwashe yenyewe ndani ya injini, mpaka watu wakagundua kwamba moshi wake unaharibu ubongo wa watoto. Hilo tulifundishwa kwenye masomo ya ukunga. Fundi akatikisa kichwa kwa muda.

"Kumbe kazi yake ilikuwa ya kuzuia moto," alisema.

Lakini maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyonizindua. Kuzuia isijiwashe. Kama zamani walitia kitu ili esansi isijiwashe, basi shida haikuwa kukosa moto. Shida ilikuwa moto unaokuja wakati usiotakiwa. Wiki nzima, kila nilipopata mapumziko ya mchana kliniki, nilikaa kwenye benchi la nyuma na simu yangu nikisoma. Nilisoma kwa Kifaransa, nikasoma kwa Kiswahili kile kidogo kilichopo, nikatazama video za watu wanaokata injini katikati ili uone ndani.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Ndani ya silinda, pistoni inapanda na kubana mchanganyiko wa hewa na esansi, kisha buji, ile inayotoa cheche, inauwasha kwa wakati wake. Lakini kitu kikibanwa sana kinapata joto. Esansi isiyo na uvumilivu haingoji cheche imalize kazi; pembeni kule inajiwasha yenyewe, moto wa pili unakutana na wa kwanza, na huo mgongano ndio mlio wa mahindi. Namba ya oktani haipimi ukali wa esansi. Inapima uvumilivu wake wa kubanwa. Na turbo kazi yake ni kusukuma hewa zaidi ndani, kwa hiyo gari langu lilikuwa linabana kuliko magari mengine, na lilihitaji esansi yenye subira kuliko nyingine. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nimewaambia wanawake wengi sana, "Usisukume bado, mama, ngoja, pumua," nikiwa nimewashika mkono. Jambo hilo nililielewa kwa mwili kabla ya akili.

Kwa hiyo fundi alikosea kidogo na shemeji alikosea kidogo, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kweli. Nguvu haikuwa ndani ya esansi. Ilikuwa ndani ya injini iliyothubutu kubana. Nilipowaambia, kila mmoja kwa wakati wake, wote wawili walisema nimewaunga mkono.

Jumamosi moja shemeji alinikuta garajini. Hakuwahi kufika pale. Alishuka kwenye saluni yake amevaa suti, akafungua buti kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, akatoa bido la manjano. Mtu anayefanya kazi naye alikuwa amempatia mafuta ya ndege.

"Shemeji, ugomvi umekwisha," aliniambia. "Kama yanapandisha ndege mawinguni, mlima wa Kinanira ni nini?"

Fundi, ambaye nilidhani atabisha, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Macho yalimng'aa. Alisema hiyo ndiyo oktani yenyewe, hakuna ya juu kuliko hiyo, akaenda kuchukua faneli. Walisimama pamoja, mmoja na suti, mwingine na ovaroli, wameafikiana kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na kifuniko cha tangi langu kiko wazi.

Fundi alipolegeza mdomo wa bido, harufu ilinifikia. Haikuwa harufu ya esansi. Ilikuwa harufu ya meza ya nyanya yangu, ya taa ya kioo na utambi, ya kusoma masomo huku unapiga chafya. Nikawaambia wasimamishe. Nikawaambia hayo ni mafuta ya taa.

Shemeji alisema haiwezekani, maana aliyempa ni mtu wa kuaminika. Fundi naye alisita, lakini akachukua karatasi nyeupe, akaichana vipande viwili. Kwenye kimoja alidondosha tone la esansi kutoka kwenye chupa ya kusafishia vyuma, kwenye kingine tone kutoka kwenye bido la shemeji. Tukaviweka juani juu ya boneti na kuvisubiri kama wagonjwa. Tone la esansi liliyeyukia hewani, karatasi ikawa kavu na safi. La ndege likabaki, likatanda, likaacha duara la mafuta unaloweza kuona vidole vyako nyuma yake.

Baadaye nilimuuliza mume wa mama mmoja niliyemzalisha, anayefanya kazi uwanja wa ndege. Alinieleza kwamba aliyempa shemeji yangu wala hakudanganya. Injini za ndege kubwa hazina pistoni. Zinachoma kitu kilicho ndugu wa mafuta ya taa, na ukikitia kwenye gari la esansi kinashusha uvumilivu wake mpaka injini inajigonga yenyewe hadi kufa. Kuna esansi ya vindege vidogo vya propela, ambayo kweli inavumilia sana, lakini hiyo mara nyingi bado ina risasi, nayo ingeharibu mtambo wa kusafisha moshi wa gari langu. Hapakuwa na mafuta ya ndege yoyote yaliyonifaa.

Lakini siku ile pale garajini hatukuwa tunajua hayo. Tulikuwa na karatasi mbili tu. Shemeji alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: kama karatasi inaonyesha mafuta ya taa, je, ile esansi ya bido ninayonunua kila wiki ikoje? Fundi akavuta kidogo kutoka kwenye tangi langu kwa mpira, akadondosha. Duara likabaki. Lilikuwa dogo, hafifu, lakini lilikuwepo. Mtu fulani mahali fulani alikuwa anaongezea mafuta ya taa ili bido lijae, na gari langu lilikuwa limejaribu kunieleza hilo kila Jumapili.

Kuanzia siku hiyo wanaume hao wawili walianza kupigiana simu bila kupitia kwangu.

Wazo la kupanda Bugarama, kule milimani nje ya mji, lilikuwa la shemeji. Alisema mambo ya karatasi ni mazuri, lakini yeye anataka kusikia kwa masikio yake. Tulisubiri mpaka stesheni moja ikapata mzigo, pampu yake ikiwa imeandikwa oktani tisini na tano, na tukaijaribu kwa karatasi kabla ya kuamini maandishi. Kabla ya kuijaza tulipanda kwanza na ile ya bido iliyobaki tangini, kwa sababu nilisisitiza kwamba hatuwezi kulinganisha kitu na kumbukumbu. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani, fundi kando yangu, na shemeji kwenye kiti cha nyuma cha mikoba, magoti karibu na kidevu.

Barabara ile inaondoka mjini na kuanza kupanda mara moja, na haiachi. Kona baada ya kona, ziwa linabaki nyuma na chini, hewa inapoa, waendesha baiskeli waliobeba ndizi wanashuka kwa kasi ya kutisha upande wa pili. Kila nilipokanyaga pedali, punje za mahindi zilitikisika. Fundi aliinua kidole kila aliposikia. Shemeji, kwa nyuma, alisema mwishoni, "Basi, nimesikia, lionee huruma." Tukageuza kabla ya kufika juu.

Siku nyingine tukarudi na esansi ya stesheni, watu wale wale, viti vile vile. Nilikanyaga pale pale lilipogonga mara ya kwanza. Gari likavuta pumzi, likaondoka. Fundi alikaa na kidole chake tayari, akingoja. Kona ya pili, ya tatu. Hakuna. Alikishusha kidole taratibu, akakiweka mapajani. Tulipofika Bugarama tulinunua karoti na kabichi kwa wanawake wa barabarani kwa sababu tu tulikuwa na furaha na hatukujua tufanye nini nayo. Tulipotulia, fundi alituambia kwamba kitabu cha gari hilo, alichokipata kwenye simu, kinataka namba ya juu zaidi kidogo ya hiyo, lakini kinaruhusu tisini na tano mtu akiendesha kwa adabu. Aliporudi garajini alifungua buji akazichunguza kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kaure nyeupe ya mbili kati yake palikuwa na vidoa vidogo kama pilipili manga, alama za kugonga. Alizibadilisha zote. Alisema pistoni zilikuwa salama, alhamdulillahi, tungengoja zaidi zisingekuwa salama.

Halafu esansi ikakauka tena, na mdogo wangu akashikwa na uchungu wiki mbili kabla ya wakati.

Ilikuwa asubuhi. Shemeji alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya stesheni, gari lake limezimika tangi tupu, mbele yake magari yasiyohesabika. Mke wake alikuwa nyumbani Kinanira na jirani. Alizungumza kwa utulivu sana, na utulivu huo ndio ulionitisha. Nilikuwa kliniki. Tangini kwangu kulikuwa na mabaki ya esansi nzuri yaliyochanganywa na ya bido niliyotia siku iliyotangulia, kwa kukosa nyingine, ingawa karatasi ilikuwa imeniambia nisiitie.

Nilijua mlima unaonisubiri. Nilijua pia kwamba nikikanyaga kama moyo ulivyokuwa unataka, ningekuwa nalipiga gari nyundo kutoka ndani, na likinifia katikati ya mpando, mdogo wangu angejifungulia mikononi mwa jirani. Nikazima redio na kipoza hewa ili mzigo upungue. Nikateremsha gia mapema, injini izunguke kwa wepesi badala ya kukamuliwa, na nikabonyeza pedali kidogo tu, chini ya pale turbo inapoamka. Nilipanda Kinanira kwa mwendo wa gari la kubeba mayai. Pikipiki zilinipita. Mwanamke mwenye beseni kichwani karibu anipite. Kioo kilikuwa wazi na nilikuwa nasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza, na kila punje ya kwanza ilipogusa kopo niliinua mguu. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira ya kwenda polepole. Lakini nilifika, na injini ilikuwa nzima.

Mdogo wangu alikuwa amesimama ameshika mlango wa mbele, jirani akimpangusa mgongo. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, tukakirudisha nyuma mpaka mwisho. Alipoona kiti kilivyo chini, alicheka katikati ya uchungu, akasema gari la vijana hili, nani atanitoa humu. Kushuka ni rahisi, mlima ulitubeba. Kona za chini alinishika mkono wa gia na kuniambia anataka kusukuma. Nikamwambia asisukume bado, apumue, na akapumua. Tulifika kliniki. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye sauti. Sikumpokea mimi; mwenzangu alisema dada hapokei mtoto wa mdogo wake, akanitoa chumbani kwa upole. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikasikia kilio cha kwanza kupitia dirishani.

Shemeji alifika kwa miguu, suti imelowa jasho. Fundi alimfuata muda mfupi baadaye, alikuwa amesikia habari, na walikumbatiana mlangoni.

Siku ya kumchukua mama na mtoto kuwarudisha nyumbani, stesheni zilikuwa zimepata tena. Shemeji alikataa gari langu. Alisema binti yake ataingia kwake kwa gari la baba yake. Alikuja na saluni nyeupe, imeoshwa, tangi limejaa tisini na tano ya pampu ya gharama, kwa heshima ya siku. Fundi na mimi tuliwafuata kwa nyuma. Mlimani saluni ilipanda kama ilivyopanda miaka yote, si haraka zaidi, si polepole zaidi, ikitoa ule moshi wake mdogo kwenye kona.

Kule juu, baada ya watu kumpokea mtoto na kumpitisha mikononi, shemeji alituvuta pembeni. Alitaka kujua kwa nini hakuhisi tofauti yoyote, baada ya yote tuliyomwonyesha Bugarama. Fundi alianza kusema neno "nguvu", akajizuia, akanitazama. Nikamweleza shemeji kwamba injini yake ni ya zamani na ya upole, inabana kidogo, na esansi ya kawaida ilikuwa inaivumilia vizuri siku zote. Uvumilivu wa ziada haukuwa na kazi ya kufanya mle ndani.

Alifikiri juu ya hilo, mikono mifukoni, akiitazama saluni yake.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nasema kweli," alisema. "Kwa gari langu."

Tukamkubalia. Kutoka ndani mdogo wangu aliita kwamba chai imeiva na mtoto amelala, na kwamba tukizungumza mambo ya magari tuzungumze kwa sauti ya chini.